Bina Choolwe na Viti vya Duara

Mtu wa kijijini kwetu Simwaala akikuambia anakwenda zahanati kumwona daktari, ujue wa kwanza atakayemwona ni Bina Choolwe, mama yake Choolwe, mfagizi. Miaka kumi na minane amefagia pale, na miaka yote hiyo yeye ndiye aliyewakalisha watu. Mabenchi yalikuwa matatu, yote yameelekea upande mmoja kama darasani, naye husimama na ufagio akielekeza: "Wewe mbele. Wewe nyuma ya nguzo. Wewe subiri nje kwanza, baba mkwe wako hajatoka." Hakuandika popote. Nani kaoa kwa nani, yote yamo kichwani mwake.

Maana kwetu mke hakutanishi macho na baba mkwe wake, wala mwanamume na mama mkwe wake. Akimwona njiani anaingia porini, hata kama pori lenyewe ni miiba mitupu.

Mwezi uliopita akaja tabibu mpya kutoka mjini, Bwana Kasolo, kijana wa viatu vya kung'aa. Akasema wagonjwa wetu wana huzuni kwa sababu wanatazamana visogo. Akapaka kuta rangi ya samawati, akapanda maua chini ya madirisha (hayo niliyapenda, sifichi), kisha akayatia mabenchi stoo na kupanga viti ishirini vya plastiki kwa duara.

"Sasa mtatazamana kama familia," akasema.

"Hiyo ndiyo shida yenyewe, daktari," Bina Choolwe akamjibu.

"Mama, wewe fagia tu."

Akafagia.

Jumanne nilikwenda kwa ajili ya jino. Duara lilikuwa kimya kuliko matanga. Mke mmoja kijana alijifunika chitenge kichwa kizima. Mbele yake alikaa baba mkwe wake, anaikagua dari kama fundi aliyeambiwa inavuja. Ukicheka, watu kumi na tisa wanayaona meno yako, na langu lilikuwa limeoza.

Nikatoka nje kutema mate. Nyuma ya tangi la maji nikamkuta Hachoombe, fundi baiskeli wetu, amechuchumaa. Wiki moja nyuma aliumwa na mbwa asiyejulikana wa nani, na siku hiyo ilikuwa zamu ya sindano yake ya tatu. Kichaa cha mbwa hakina mzaha; kikishaanza, mtu haponi. Chumba cha sindano hufungwa saa sita, na sasa ilikuwa saa tano na nusu. Lakini mlango wa kuingilia ni mmoja tu, na aliyekaa akiutazama ni Bina Mwiinga, mama mkwe wake, mguu umevimba, katembea tangu alfajiri.

"Baba, si uingie tu?" nikamwambia. "Utakufa!"

"Mwanangu, heri mbwa."

Bina Choolwe akatokea na ndoo. Yeye na Hachoombe ni watani wa koo, kwa hiyo humtukana atakavyo na hakuna kesi.

"We fisi! Unalichumbia tangi?"

"Mtani, mama mkwe yumo."

"Najua. Mimi namhurumia yule mbwa, kala nyama mbovu. Umeshaanza kubweka?"

"Mtoe yule mama, nakuomba."

"Nimtoe mgonjwa ili aingie mgonjwa? Ngoja hapo."

Akaingia ndani, nami nyuma yake, akaigonga ndoo kwa mpini wa ufagio. "Haya, nafagia katikati! Vumbi litawaingia machoni. Geuzeni viti, kila mtu na ukuta wake!"

Sijawahi kuona wagonjwa wakitii kwa furaha namna ile. Yule mke kijana aligeuka wa kwanza na kujifunua kichwa. Hachoombe akapita katikati ya migongo akinyata kama mwizi wa kuku, akazama nyuma ya pazia la chumba cha sindano.

"Vua shati," tukasikia sauti ya muuguzi. Halafu: "Mayooo!"

Bina Mwiinga akauambia ukuta: "Mwambieni mtu huyo, binti yangu alijifungua mapacha bila kelele kama hizo."

Hapo duara zima likaangua kicheko, hata mimi na jino langu. Muuguzi, naye mgeni, akaita: "Anayefuata! Bina Mwiinga!"

Mama wa watu akainuka na mkongojo wake. Bina Choolwe akaruka mlangoni mwa chumba, ufagio mkononi. "Dirisha, mtani! Dirisha!"

Tukasikia kishindo, kisha sauti ya Bwana Kasolo kutoka kwenye maua yake.

"Unakimbia sindano, mtu mzima?"

"Nimeshadungwa, daktari! Niachie mguu! Mama mkwe anaingia!"

Bwana Kasolo akaingia na udongo magotini. Akalitazama duara lake: watu wameipa katikati mgongo, wanapiga soga na majirani zao, wanacheka.

"Nani kageuza viti?"

"Mimi nafagia tu, daktari."

Huko nje Hachoombe akapaza sauti kutoka nyuma ya tangi: "Daktari! Sindano ya nne ni Jumanne ijayo! Yule mama anarudi lini?"

Bwana Kasolo akafungua daftari la miadi, akatafuta jina la Bina Mwiinga. Jumanne ijayo. Akafuta, akaandika Jumatano.

Bina Choolwe akakohoa. "Jumatano anakuja mume wa binti yake wa pili."

"Alhamisi?"

"Wa tatu huyo."

"Ana mabinti wangapi?"

"Sita, daktari. Wote wameolewa humuhumu."

Bwana Kasolo akamvutia kiti, akampa daftari na kalamu.