Maji Tuliyouza Kwenye Kilio cha Lado

Nakumbuka siku ile, wadogo zangu, jua liliwaka tangu asubuhi na lori la maji halikuwa limepita mtaani kwetu Gudele. Nilisimama kwenye lango la nyumba ya kina Lado, miguuni pangu pana sanduku la barafu limejaa mifuko ya maji, na ndani wanawake wanalia. Nilikuwa na umri kama wenu.

Mliniomba nije kusema nanyi, ninyi wa darasa la nane mnaoanza kutengeneza sabuni mkauze, ili faida imsaidie mwenzenu aliyeungua. Mbele za watu maneno hunikauka. Kwa hiyo nimeandika. Nimeandika polepole, nanyi msome polepole.

Lado alikuwa wa darasa letu. Alizaliwa na ule ugonjwa wa damu unaouma mifupa, na kuna wiki alikuja shule, kuna wiki hatukumwona. Tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Uganda wazazi wetu walikuwa na kazi ya kutafuta chakula tu, hakuna aliyebaki na cha kununulia dawa ya mtoto wa jirani. Ndipo tukaanza kikundi. Mganda mmoja mwenye duka alitupa nafasi kwenye friji yake, tukawa tunafunga maji kwenye mifuko na kuyauza kwenye stendi ya raksha, zile bajaji za abiria. Lado mwenyewe alikuwa anafunga mifuko, maana kubeba hakuweza. Wenye raksha walitupenda.

"Leteni maji ya shule!" walikuwa wanaita. "Yako baridi kuliko mke wangu akinuna!"

Msemaji wetu alikuwa Wani. Mimi nilibeba sanduku. Kijana mmoja aliyekuja kutufundisha biashara alituambia tufuate watu walipo, tusingoje watufuate. Wani alilishika neno hilo, akalirudia kila asubuhi. Na kweli, tulipolifuata tuliuza, na Lado alipata dawa kwa muda.

Kisha Lado akatutoka.

Siku ya pili ya bika, ndivyo tunavyoita kilio hapa Juba, watu walijaa hadi barabarani chini ya turubai. Mitungi ya nyumba ilikuwa imekauka. Mama Lado hakuwa na sukari ya chai ya wageni. Sisi tulikaa nyuma ya duka, tumelia mpaka macho yanauma, na Wani akasema, "Pale watu iko wengi, na kiu iko. Twende tuuze. Pesa yote tunampa Mama Lado, anunue sukari." Sote tukaona ni jambo jema. Hakuna aliyesema twende kwanza tumwulize Mama Lado mwenyewe. Tulimpenda, ndiyo maana tukadhani tunajua anachotaka.

Tulikuwa bado hatujauza mfuko hata mmoja alipofika mjomba wa Lado, kaka mkubwa wa mama yake. Alikuja kwa miguu kutoka Gurei, vumbi limempanda hadi magotini. Hakutoa salamu. Alinyoosha mkono kwangu.

"Maji, mtoto wangu."

Niliinama kufungua sanduku nimpe. Wani akawahi. "Mjomba, hii ya baridi ni ya kununua. Bei ndogo tu."

"Kununua? Hapa?"

"Ni ya kusaidia, mjomba."

"Ya kusaidia nani?"

"Mama Lado."

Mzee alitazama juu ya vichwa vyetu, kule kwenye mkeka ambapo dada yake aliketi amejifunika shuka. "Dada yangu anauza maji kwenye bika ya mtoto wake," alisema. Hakuuliza. Kisha akageuka, akarudi njia aliyokuja nayo, bila kuingia, bila kumshika dada yake mkono.

Ninyi mliozaliwa kambini pengine hamkufundishwa hili, kwa hiyo nitalisema. Kwetu anayefika kwenye kilio hupewa maji kabla ya salamu, na huyapokea kutoka mkono wa nyumba ile. Nyumba isiyo na kitu huomba kwa jirani, lakini maji yatatolewa. Ukinywa, umeingia kwenye msiba, machozi yenu yamekuwa mamoja. Ukinyimwa, umeambiwa wewe si mtu wetu. Sisi tulimwambia hivyo kaka yake Mama Lado, tukiwa langoni pa dada yake, na tulisema kwa jina la dada huyo.

Haboba, bibi yake Lado, alikuwa ameona yote. Alikuja polepole, ameshika ukuta. Hakupiga kelele, na mimi nilitamani apige.

"Nani amewatuma?"

"Haboba, hakuna," Wani alisema, akilia. "Pesa ni yenu yote. Ni ya sukari."

"Mimi nimewaomba sukari?"

Nilifunga kifuniko cha sanduku.

"Watu hawa wangekunywa chai bila sukari. Wangekaa bila chai. Hakuna ambaye angesema kitu. Mngekuja na ndoo, mkaenda kuchota mtoni, mkarudi mmechoka, mimi ningewabariki. Sasa nyumba hii itaitwa nini?"

Kesho yake Haboba alitupeleka Gurei, mimi na Wani. Nilizungumza mimi, kwa sababu Wani sauti ilimwisha. Sijui nilisema nini. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akatupa tunywe mmoja baada ya mwingine. Nilidhani tumesamehewa.

Siku ya kuondoa mkeka, wakati ndugu wote wanapaswa kula pamoja na kufunga kilio, upande wa mjomba hakuja hata mtu mmoja. Mama Lado aliwawekea chakula. Kilikaa mpaka jioni, kikapoa, tukapewa sisi watoto. Baada ya muda alifunga nguo zake akarudi kambini Uganda. Hakutuaga. Watu wa mtaa bado wanasema pale ni nyumba iliyouza maji.

Sisemi msiuze sabuni. Uzeni, wadogo zangu, na msione haya, maana kuna mtoto anayengoja dawa. Lakini kabla hamjatengeneza hata ndoo ya kwanza, nendeni mkaketi na mama yake. Mwulizeni kama anataka jina lake litajwe barabarani, na litajwe wapi. Akikataa, msimshawishi. Na ikitokea siku mmefika mahali watu wanalia, acheni biashara nje ya mtaa, ingieni na mikono yenu tu. Choteni maji, osheni vyombo, kaeni chini. Na kama mmoja wenu ni mzito wa kusema kama mimi, msubirini amalize. Huenda ndiye aliyeona kosa kabla yenu.

Mungu awape mikono inayojua kutoa. Awalinde mtoke shuleni mkiwa wote, pasikosekane hata mmoja. Na mama mtakayemsaidia abaki na ndugu zake wote, na jina lake lisiguswe.