Ukoo wa Unga na Ua

Jumamosi nilikuwa Kilungu kwa jirani yangu, aliyeletewa mbuzi wa ntheo, wale wa kufungua posa ya binti yake. Mjomba wa kijana anayeposa, mwalimu, akasimama kusifu.

“Binti yenu ni flower, ua. Na flower ni ndugu wa flour, unga. Atalisha boma!”

Mjomba wa binti, mwalimu pia, akagonga meza. “Undugu gani? Hayo maneno hayajuani!”

“Zamani yalikuwa neno moja, Mwalimu. Waingereza waliona unga laini ndio ua la ngano.”

“Hapana!”

Chai ikapoa. Kijana akaanza kufuta jasho, maana wajomba wakiachana kwa hasira, mbuzi hurudi kwao.

Mama wa binti akatoka jikoni, mikono imejaa unga. “Walimu, kama hayo maneno ni ndugu, basi yasioane. Hawa watoto tumeshauliza, kila mmoja ana ukoo wake. Pokeeni mbuzi!”

Vigelegele vikapasua hewa, na walimu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Chapati zilipofika, hakuna aliyetaka kujua zimetoka kwa neno gani.