Siku Kogo Alichambua Chai Upya

Jana mama alinituma chumvi na nikapita njia ya nyuma, ile ya kwa miti ya blue gum, nikanunue duka ya mbali, ndiyo nisionane na jirani wetu wa kiosk. Unajua vile inakuwa. Nikiwa darasa la tatu mwalimu alituuliza tunataka kuwa nani, mimi nikasimama nikasema daktari, na kutoka hiyo siku huyo mzee hajawahi kuniita jina langu. Ni "Taktari" tu. "Taktari, mgongo yangu inalia." "Taktari, njoo upime hii kuku, imekataa kula." Zamani nilikuwa napenda. Siku hizi nikimsikia natamani ardhi ipasuke niingie.

Hiyo njia ya nyuma inatokea kwa senta ya chai ya zamani, mahali wakulima wa huku kwetu walikuwa wanapeleka majani kupimwa kabla lori ikuje kuyabeba. Sikuwa nimefika hapo siku nyingi. Mabati imeshika kutu, nyasi imeingia mpaka ndani, lakini meza ya kuchambulia bado iko, ile ndefu ya mbao. Nikakaa juu yake na chumvi yangu. Nilisema nipumzike kidogo tu. Nikakaa mpaka mvua ya jioni ikaanza kunukia kutoka upande wa Litein.

Wacha nikuambie shida yangu mara moja, mimi sina subira ya kuzunguka. Nilifanya KCSE, ule mtihani wa kumaliza Form Four, nikapata B plain. Watu walikuja nyumbani, wakakula, wakaomba, wakasema ni nzuri, na ni nzuri kweli, lakini udaktari haichukui B. Chemistry iliniangusha. Nimepewa kozi ya ualimu kwa chuo moja ya mbali. Mwalimu mkuu wa shule yangu naye amesema kama nataka kurudia Form Four nikuje Jumatatu na sanduku, nikichelewa kiti anapewa mwingine. Nikirudi, nafasi ya chuo imeenda. Na mtihani narudia yote. Hata Kiswahili, ile nilipata A, naifanya upya kama mtu hajawahi kuiona. Na ikikuwa B? Na nikipata C plain, nitaficha uso wapi? Tena wanasema huu mtihani wenyewe unaisha, mtaala mpya umeshafika, kwa hivyo siwezi kusema nitajaribu mwaka mwingine.

Mama nimemuuliza mpaka amechoka. "Mimi sisemi kitu," ananiambia akigeuza ugali. "Ukienda chuo, sawa. Ukirudi shule, sawa. Lakini usikuje kesho kuniambia ni mama alisema."

Sasa nikiwa nimekaa pale kwa meza ndiyo nikamkumbuka kogo. Kogo ni nyanya, mama ya mama. Yeye ndiye alinilea, mama akiwa anafanya kazi huko Kericho mjini. Nyumba yake ilinuka moshi na mursik, yale maziwa ya kuganda ya kibuyu yenye vumbi la mkaa ndani. Asubuhi alikuwa ananipa kikombe na kiazi cha kuchoma, halafu tunaingia kwa chai kama umande bado unalowesha sketi. Alikuwa anachuma na mikono mbili kama mtu anapiga kinanda, majani mawili na chipukizi, anatupa nyuma kwa kikapu bila kuangalia. Mimi kazi yangu ilikuwa kuimba nyimbo za kanisa ndiyo asilale, alisema, lakini nafikiri ni ndiyo mimi nisilale. Kwa chai hakuwa na subira hata kidogo. Ukimsimamisha umsalimie anakujibu akitembea.

Basi kuna wiki alienda matanga ya dada yake kule Roret akakaa. Chai haingojei mtu. Aliporudi majani ilikuwa imepita, imekuwa ngumu na marefu kama ya mboga ya kuuza. Mtu mwenye akili angetoa kwanza yale makubwa, atupe, ndiyo achume mazuri. Kogo akachuma yote pamoja, chapuchapu, akajaza gunia, akafunika juu na majani laini. Aliniambia twende mbio, lori inakuja.

Karani wa senta alikuwa kijana mwembamba, mpole sana, na hakuna mtu alikuwa anamwogopa mpaka akishika gunia lako. Aliingiza mkono mpaka chini. Akatoa konzi moja, akaangalia, akamwaga gunia yote kwa meza mbele ya watu.

"Kogo, hii hapana."

"Hapana nini?"

"Iko na majani mzee nyingi. Rudi nayo ama uchambue."

Kulikuwa na njia zingine, na hata mimi mtoto nilizijua. Ungeweza kubeba gunia lako ukamuuzie yule mtu wa pikipiki aliyekuwa anangojea kwa kona, yeye anachukua kila kitu bila kuangalia. Ungeweza kwenda nyumbani ukamwage kwa ng'ombe useme karani ana roho mbaya. Watu wengi walifanya hivyo. Kuchambua pale, kwa meza, mbele ya wanawake wa kanisa lako, hiyo ilikuwa aibu. Watu walikuwa wanasema ni afadhali ulale njaa.

Kogo alifungua leso kiunoni, akaitandika, akaanza. Jani jani. Majani laini huku, ngumu chini.

Jirani wetu, huyu huyu wa kiosk, alikuwa kwa laini ya kupima na kikapu yake. Yeye hawezi nyamaza. "Mama, leo unapikia hapa?" akasema. "Mbona hukutuambia tukuje na sahani?"

Watu wakacheka. Mimi nilisikia masikio yangu yakiwaka moto. Nilishika sketi ya kogo nikavuta, nikamwambia twende nyumbani. Yeye alimjibu jirani, mikono ikiendelea.

"Leta unga wewe. Mboga ndiyo hii."

Wakacheka tena, lakini sasa walikuwa wanamcheka jirani. Halafu tukasikia lori. Kama ulikulia huku unajua hiyo honi, ile ndefu ikipanda kilima. Kogo akaongeza mbio, jasho inatoka, majani mabaya yanaanguka kwa miguu yake mpaka viatu havionekani. Mimi nikapanda kwa meza nikaanza kuchambua pia. Lori ikafika, wakapakia magunia ya wengine, dereva akapiga honi, karani akamwinulia mkono angoje.

Nyumbani hii hadithi inasemwa kila Krismasi, na inaishia hapo. Karani alipima, lori ilichukua, kogo alishinda, watu wanapiga makofi. Lakini mimi nilikuwa hapo, na nakumbuka vile mizani ilisema. Kidogo. Gunia ilikuwa imejaa, sasa ilikuwa kitu unaweza kubeba na mkono moja. Na chini ya meza kulikuwa na mlima. Kogo alisimama akauangalia ule mlima muda mrefu. Nikamwambia, kumfurahisha, "Ni takataka tu, kogo."

"Takataka?" akasema. "Hata hii nimechuma mimi. Mgongo ni huu huu."

Halafu akatikisa leso, akajifunga, tukaenda. Tulipofika kwa mto alinawa mikono na miguu, akanipa nusu ya ndizi aliyokuwa ameficha kifuani, akasema kesho tunaanza na yale makubwa, tunayatoa yote, ndiyo tuchume. Na kweli kesho yake tulianza hivyo.

Jana nilikaa kwa ile meza nikifikiria mlima wa chini, sio ile chai ilienda. Hakuna mtu ananiambia kuhusu huo. Wanaosema nirudi wanasema "utapasua mtihani tu." Wanaosema niende chuo wanasema kurudi ni kujiaibisha, kukaa darasa moja na watoto walikuwa wananiita sista. Hakuna mtu anasema A yangu ya Kiswahili itakuwa chini pale kwa huo mlima, pamoja na mwaka mzima, na wenzangu wakipost picha za chuo. Hiyo ndiyo inanitoa usingizi. Naogopa, sitakudanganya.

Lakini nilipoteremka kwa meza nilikuwa nimejua. Siwezi kuchuma juu ya majani ngumu miaka yangu yote.

Kogo alizikwa nikiwa Form Two. Chai yake mjomba aling'oa akapanda avokado. Siku hizi majani yanapimiwa huko chini barabarani, mizani ya stima, mtu anapata meseji kwa simu na kwenda zake. Lori mpya haipigi honi, inakuja tu. Hakuna mtu anamwagiwa gunia mbele ya wengine, na nafikiri ni vizuri, lakini pia hakuna meza. Ukikataliwa unarudi nayo tu.

Sikurudi na njia ya nyuma. Nilipita barabarani, mvua ikiwa imeanza matone makubwa, chumvi nimeficha ndani ya sweta lakini kona ya pakiti inatokeza. Jirani alikuwa kwa dirisha ya kiosk yake, amezeeka, anachaji simu za watu.

"Taktari! Umepotea. Unaenda chuo lini?"

"Siendi. Jumatatu narudi shule."

"Shule gani tena?"

"Ile ile. Form Four."

Nikangoja anicheke. Kweli alicheka.

"Kama nyanya yako," akasema. "Basi nipatie hiyo chumvi nione. Mbona hukununua kwangu?"