Kipeperushi cha Profesa Jenista

Profesa Jenista Kibona, mzaliwa wa Mbebe, alitibu familia za watu miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha madaktari. Kwa miaka kumi na minne alihariri pia jarida la kitabibu. Makala alizisoma amesimama, akitembea toka dirishani hadi mlangoni, maana kiti hakikumkalisha. Vipeperushi vya wagonjwa navyo vilipita mikononi mwake, kikiwemo cha presha kilichosambazwa Songwe nzima.

Mwaka jana alishuka Kamsamba na wanafunzi wake. Katika wodi ya kituo cha afya alimkuta Luhende, mfugaji wa makamo, kiharusi kimempoozesha mkono wa kulia na kumpinda mdomo. Mkewe, Kabula, alikuwa akimpepea kwa upande wa kanga.

"Dawa za presha alikuwa anakunywa?" Profesa aliuliza.

"Alikunywa zote, daktari. Hata kidonge kimoja hakikubaki."

"Halafu mkachukua nyingine?"

"Za nini tena? Dozi iliisha. Na karatasi yenu tuliisoma." Alikitoa kipeperushi mkobani, akasoma bila kukwama: "Matibabu ya shinikizo la damu ni endelevu." Akainua macho. "Si maana yake dawa inaendelea kufanya kazi mwilini?"

Profesa alihisi joto la wodi limezidi. Mwandishi wa kwanza wa kipeperushi alikuwa ameandika "dawa ni za kila siku". Yeye ndiye aliyeyakata maneno hayo, akaona "endelevu" lina hadhi zaidi.

"Kosa ni langu," alisema.

Kabula alimnyoshea kipeperushi. "Basi kiandike upya."

Wakatoka nje, wakaketi kwenye benchi. Profesa aliandika, akafuta, akasimama, akaketi tena. Mwishowe akampa Kabula asome: "Dawa ya presha haina kumaliza dozi. Vidonge vikikaribia kuisha, rudi uchukue vingine."

"Na akijisikia mzima?"

"Aendelee kunywa."

"Mbona hilo hujaliandika?"

Akaliongeza.

Kefa, mhariri mwenzake, alipopata rasimu alimpigia simu. "Profesa, 'presha' si neno la kitaalamu."

"Huyu anayesoma si mtaalamu, Kefa."

Walibishana wiki tatu kabla kipeperushi kipya hakijachapwa. Luhende siku hizi anatembea, na kila mwezi Kabula humfuatia vidonge, ila mkono wa kulia hauinui hata ndoo.

Mwezi wa sita Profesa alistaafu. Watoto wake walidhani atatulia. Lakini vipeperushi vya zamani bado vimebaki vituoni, na hilo halimpi raha. Ameshakwenda Tunduma, ameshakwenda Isansa, akiomba ruhusa na kuvibandua ukutani kwa mikono yake.

Wiki iliyopita alifika zahanati ya kwao Mbebe, viatu vimejaa tope. Roda, muuguzi wa zamu, alimvutia kiti.

"Kaa kwanza, mama, upate chai."

"Asante, mwanangu. Zile karatasi za zamani za presha mnaziweka kabati gani?"