Pengo la Randa ya Hamimu

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaambiwa. Hamimu, seremala wa mtaa wa Bwiza, akiziba ufa wake, milango kumi na minne haitarudi tena kwa wenyewe.

Saa mbili asubuhi, mwaka huu wa 2001, anasukuma randa, wanayoiita rabo huku, juu ya ubao. Maranda yanajikunja miguuni pake. Katikati ya ubao unabaki mstari mwembamba ulioinuka, kama uzi.

Randa aliachiwa na baba yake, Mohamadi, aliyeinunua kwa Mgiriki enzi za Wabelgiji. Mwaka 1990 kisu chake kiligonga msumari, kikatoka pengo linaloacha mstari huo kwenye kila ubao. Kukinoa mpaka pengo liishe kungemaliza chuma chote kilichobaki.

"Nikaacha. Watu wakasema ni alama yangu, na mi nikanyamaza."

Hiyo ni aibu ndogo. Kubwa ilimpata mwishoni mwa 1995, watu walipokimbia vita, nyumba za mitaa ya kaskazini zikaporwa na milango aliyoitengeneza yeye ikauzwa barabarani kwa faranga elfu tatu. Mbao tu za mlango mpya zilimgharimu elfu kumi na mbili. Hamimu alinunua mmoja. Komeo lake lilikuwa chini, usawa wa goti.

"Nililiweka mimi," anasema bila kuinua macho. "Scholastique, mteja wangu, mama yake alikuwa kiwete, anatambaa. Nilijua ni mulango wa nani kabla sijatoa pesa."

Akauranda ili afute alama yake. Akauranda kwa randa ileile. Mstari ukarudi. Akamuuzia Ilias, mwenye duka la milango mikuukuu.

Mwezi uliopita Scholastique, muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, alirejea kutoka ukimbizini Uvira, ng'ambo ya mpaka. Akipita dukani kwa Ilias, alipitisha kidole juu ya mlango, akauhisi uzi, akainama, akaliona komeo. Alikwenda moja kwa moja kwa Hamimu.

"Hakunitukana. Aliniuliza mwanangu Houda yuko darasa la ngapi. Afadhali angenipiga."

Hamimu aliomba radhi. Scholastique akajibu, "Nataka mulango." Basi Hamimu akaununua tena kwa Ilias na kuubeba kichwani hadi kwa Scholastique, Bwiza nzima ikitazama.

Tangu siku hiyo watu wanaingia kwa Ilias kupapasa mbao. Dukani imebaki milango kumi na minne yenye mstari, yote ya nyumba zilizoporwa. Juzi Ilias alikuja na wafanyabiashara wenzake, mkononi ana kisu kipya cha randa, kimefungwa gazetini.

"Baba Houda, tia hiki, uirande yote iwe laini. Halafu utuombe radhi, umetuvua nguo! Rabo yako ina mudomo kuliko muke wako!"

Wakacheka.

"Na bado haijasema yote, Ilias," akajibu Zubeda, mke wa Hamimu, kutoka ndani.

Wafanyabiashara hao ndio waliokuwa wakimpa kazi. Wiki hii hawajamletea hata kiti cha kupigilia. Hata hivyo anataka kuendelea na pengo lake mpaka waliokimbia warudi, waje na vidole vyao.

Siku hiyo ya juzi alimrudishia Ilias kisu kikiwa bado gazetini.

"Scholastique nilimuomba radhi, na nitamuomba tena," alimwambia. "Nyinyi? Apana. Siombi."