Kiti cha Mbele Aliniita Mwongo

Kuna msomaji aliniambia mbele ya umati kwamba mahojiano yangu hayakuwahi kufanyika.

Nilikuwa nimeyafanya. Saa mbili nzima, na vikombe vitatu vya chai juu.

Ilipofika siku ya kujitetea, nilinyamaza nikakubali kuitwa mwongo. Subirini niwaeleze taratibu.

Mimi nilikuwa naandika habari za mastaa. Wasomaji wakiniita Shangazi, eti kwa sababu najua ya kila nyumba. Kila Jumapili alasiri nilikuwa naruhusu maswali mtandaoni. Nani ana majivuno, nani anachelewa, nani alilia nikazima simu. Tunacheka, tunataniana, wiki inaisha.

Wiki hiyo nilikuwa nimetoa mahojiano na Jaji. Wengi mnamjua kwa jina hilo tu, la mhusika wake, yule mwenye joho na sauti nzito kwenye tamthilia. Alivaa joho miaka kumi na mbili, kisha akapotea kabisa kwenye runinga. Waandishi walimtafuta wakachoka. Mimi nilipiga simu, akapokea mwenyewe, akanipa siku.

Kichwa kilinivimba, sikatai.

Basi Jumapili akaingia msomaji anayejiita Kiti cha Mbele.

"Shangazi, siku hiyo Jaji alionekanaje?"

"Mzima wa afya," nikajibu. "Mcheshi kuliko sisi sote."

"Alivaa nini?"

"Shati la kijani, vifungo vimepishana. Nikamtania, akacheka."

"Alisema nini kuhusu mkewe?"

Hilo sikuwa nimeliandika kwenye makala. Lakini nilitaka watu wajue nina mengi kuliko ninayochapisha.

"Alisema ametoka kidogo, atarudi sasa hivi. Mimi nikaondoka kabla hajarudi."

Mara likaja jibu.

"Mke wa Jaji alifariki miaka sita iliyopita. Hukufika kwake. Wewe ni mwongo."

Jamani! Masikio yalinichemka.

Wengine wakadakia hapo hapo. "Shangazi, kumbe unatupikia!" "Na yule mwimbaji wa juzi ulimwota?"

Sikujua kama mama yule alifariki. Hakuwa mtu wa kamera, na mimi sikujisumbua kuuliza. Badala ya kutulia, nikamvaa Kiti cha Mbele. Nikamwandikia kwamba ana wivu, hana kazi, akalale. Maneno hayo hadi leo yananiuma.

Kesho yake mhariri akaniita. Ni mama asiyepaza sauti, na ndiyo maana tunamwogopa.

"Leta sauti uliyorekodi."

"Nimeifuta, Mama. Simu ilijaa."

Ndiyo ilikuwa kawaida yangu. Makala ikitoka, sauti naitupa.

"Basi Jaji mwenyewe aseme neno moja tu, kwamba ulifika," akasema. "Hadi Ijumaa. Vinginevyo safu yako naifunga."

Miaka tisa ya safu ile. Ndiyo ilinipa jina, ndiyo ililisha wanangu.

Asubuhi yake nikaenda kwa Jaji mbio mbio. Mlango ulifunguliwa na binti yake, mwalimu, ambaye siku ya mahojiano alikuwa kazini. Nilipomwambia mimi ni nani, akashika mlango kama anataka kuufunga. Kisha akanipisha.

Jaji alikuwa sebuleni, miwani puani, simu mkononi. Nikasogea kumsalimia, macho yangu yakaangukia kwenye kioo cha simu.

Ulikuwa ukurasa wangu. Majibu yangu ya Jumapili. Na juu kabisa, jina la mwenye akaunti: Kiti cha Mbele.

Kumbe ni yeye mwenyewe!

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Wewe ni nani, binti?"

Aliniuliza kwa upole kabisa. Hakunijua.

"Nina kazi na mwongo mmoja hapa," akasema. "Eti alikuja kwangu, nikamwambia marehemu mke wangu atarudi. Marehemu! Mtu anachezea msiba wa mwenzake hivi?"

Akavua miwani. Machozi yalikuwa karibu.

Binti yake akanivuta jikoni.

"Dada, nisamehe," akaninong'oneza. "Leo yuko vizuri. Siku uliyokuja hakuwa vizuri. Siku zinapishana. Daktari ametueleza ni ugonjwa wa kusahau. Yeye tukimwambia asubuhi, analia, jioni amesahau."

Hapo ndipo nikakumbuka vizuri.

Kisa cha alivyoanza kuigiza, kwamba alikwenda studio kutengeneza kitasa, akagombana na mlinzi, wakaipenda sauti yake, alinisimulia mara tatu, neno kwa neno. Chai alinikaribisha mara tatu. Jina langu aliuliza mara nne.

Na mimi nilifanya nini? Visa vitatu nikaviunganisha kimoja kitamu. Maswali ya jina nikaandika ni utani wake wa siku zote. Mahojiano yale niliyapiga pasi mpaka hayakubaki na kunyanzi hata moja.

"Ukiwaambia wasomaji ukweli, utapona," binti akasema. "Siwezi kukuzuia. Ila baba anasoma kila kitu. Atayasoma ya kichwa chake kutoka kwa watu wasiomjua."

Nikasimama pale nimeshika sinki. Nikisema sikuifikiria safu yangu nitakuwa nawadanganya. Niliifikiria sana. Kwa dakika nzima nilimchukia yule mzee.

Sauti ikatoka sebuleni. "Wewe mgeni! Unajua kuandika?"

"Najua kidogo, mzee."

"Njoo. Una uso wa mtu mkweli. Andika."

Nikatoa daftari.

"Mimi sijawahi kuonana na mwandishi yule. Aliyoyaandika ni uongo mtupu. Haya, nisomee."

Nikasoma. Nilipofika kwenye neno uongo nikalisoma chini chini, akaniambia nirudie kwa nguvu. Nikarudia. Akasaini polepole, akanishika mkono.

"Ahsante, mwanangu. Umenirudishia heshima yangu."

Ijumaa nikaiweka karatasi mezani kwa mhariri. Akaisoma mara mbili.

"Huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu, Mama."

Akaikunja karatasi. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza. Safu ikafungwa siku ile ile. Tangu hapo naandika matangazo ya sabuni.

Ni mwaka na nusu sasa. Wiki iliyopita binti yake alinitumia ujumbe.

"Dada, baba hasomi tena. Waambie sasa."

Ndiyo nimewaambia. Mlionitukana, sina kinyongo, na mimi nilitukana. Nilichojifunza ni kimoja: mtu akirudia jambo mara tatu mbele yako, usimrekebishe apendeze. Acha kalamu, muulize kama yuko salama.

Na lile swali la kwanza la Kiti cha Mbele nililijibu vibaya. Aliuliza siku hiyo Jaji alionekanaje.

Mzee wangu, ulionekana mtu anayemsubiri mkewe. Uliniomba nikae kidogo tusubiri wote, na mimi nikasema nina haraka.