Shuka Lililogeuza Mauzo ya Jogoo Mlinzi

Nisipowasimulia mwenyewe mtasimuliwa na watu wa Nyakahura, nao wale wanaongeza chumvi mpaka chakula hakiliki, kwa hiyo afadhali aibu yangu muipate kwangu ikiwa bado ya moto. Mimi ndiye yule dada aliyesimama mbele ya watu Biharamulo mjini akaeleza kwa ufasaha mkubwa, tena kwa mifano, kwa nini mauzo ya kitabu cha katuni yameanguka, wakati mauzo hayakuwa yameanguka hata kidogo.

Sisi ni watu wa duka. Babu alikuja huku kutoka pwani na vitambaa vyake, baba akahamia kwenye madaftari na kalamu, na mimi Zainabu nikaongeza vitabu vya katuni, ambavyo mama mpaka leo anaviita "yale makaratasi ya kuchekesha". Anayechora ni kijana wa Kasulo, Ngara, anaitwa Sixbert, mtoto wa wakulima wa migomba na maharage, mpole, ukimsifu anaangalia viatu vyake. Katuni yenyewe ni Jogoo Mlinzi, jogoo anayelinda kijiji usiku na kukamata wezi wa ndizi, na baadaye Sixbert akamwongezea jirani, kuku mmoja anayeitwa Mama Vifaranga, anayesema sana, anayemgombeza kila mtu kuanzia mwizi hadi mwenyekiti wa kijiji.

Kazi yangu ilikuwa kujua zimeuzwa nakala ngapi na wapi. Kila mwisho wa mwezi wauzaji wetu wa Nyakahura, Kasulo, Ngara mjini na hapa Biharamulo wananitumia ujumbe kwenye simu, mimi najumlisha. Na mauzo yalikuwa yanapanda, jamani. Yalianza chini, yakajikongoja, halafu katikati yakaruka kwa ghafla, yakaendelea kupanda. Habari zikamfikia mama mmoja wa Mwanza mwenye kampuni ya kuchapa na kusambaza vitabu, Bi Prisca, akasema anakuja atuone, na kama takwimu zitamridhisha atampeleka Jogoo wetu mikoa yote ya ziwa.

Sixbert akaniambia, "Dada, na baba atakuja. Anataka asikie kwa masikio yake kama kuchora ni kazi, au nirudi shamba."

Sasa hapo ndipo nilipoanza kujifanya mtaalamu. Ningeweza kuandika jedwali dogo kwenye karatasi, nikamgawia kila mtu, tukanywa chai tukaenda nyumbani. Hapana. Nikataka kitu kikubwa, kitakachoonekana mpaka mlangoni. Nikachukua shuka jeupe la kitanda cha wageni (bila kumwambia mama, na hilo ni shauri lingine), nikalitandaza sebuleni, nikachukua rangi nyekundu ya kuandikia mabango. Nikaanza na jina la mwezi wa kwanza, rangi ikatambaa kwenye kitambaa, "Januari" ikawa doa kama ini la kuku. Nikafua ile pembe, nikakaa, nikawaza, nikaamua: majina ya miezi ya nini? Mchoro mzuri unajieleza. Nikachora mstari mmoja mnene unaopanda, nikauzungushia fremu pande zote nne upendeze, nikaanika. Hakuna mwezi, hakuna namba, hakuna neno. Rangi ilikuwa imepenya mpaka upande wa pili, mbele na nyuma huoni tofauti, nami nikafurahi nikasema hii ni rangi ya uhakika.

Siku ya mkutano na Bi Prisca nikawahi ukumbini. Kulikuwa na nguzo mbili pale mbele, na mbele ya nguzo wameshapanga meza ya wageni yenye maua ya plastiki, nikaona nisiivuruge, nikapita nyuma ya nguzo, nikapanda kiti, nikalifunga shuka nikiwa huko huko nyuma. Nikashuka, nikalitazama. Mstari unapanda vizuri, kushoto chini, kulia juu. Nikajipongeza. Nikazunguka nikaenda mbele kuwapokea watu, na sikuligeukia tena.

(Nadhani mmeshaelewa. Mimi sikuelewa.)

Watu wakajaa, walimu, wenye maduka, wauzaji wetu. Bi Prisca akakaa mbele na kalamu yake, miwani kwenye ncha ya pua. Sixbert akakaa safu ya pili na baba yake, Mzee Bonifasi, amevaa koti zito na kofia ameipakata. Nikamsalimu, "Shikamoo baba," akaitikia, "Marahaba binti," kwa sauti ya mtu aliyekuja kupima kitu.

Nikaanza. Nikasimama nimelipa shuka mgongo, nimepiga mtandio wangu mpya, mkono mmoja nimeutupa nyuma kama mtangazaji wa hali ya hewa.

"Ndugu zangu, kama mnavyojionea wenyewe, tulianza chini kabisa, halafu tukapanda, tukapanda, na sasa tuko juu."

Kimya. Nikadhani ni kimya cha kuvutiwa. Nikarudia, "Tuko juu sana!" Bi Prisca akainamisha kichwa upande mmoja, halafu upande wa pili.

Mzee Bonifasi akanyoosha mkono. "Binti, samahani. Mbona huo mstari unashuka?"

Nikageuka. Wallahi ulikuwa unashuka. Kutoka juu kushoto, unaporomoka pale katikati, unaishia chini kulia kama mtu aliyeteleza kwenye tope.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye aibu yenyewe. Nilikuwa nimekaa na zile hesabu siku nyingi, nilijua mauzo yamepanda kama ninavyojua jina la mama yangu. Lakini shuka lilikuwa kubwa, jekundu kwa jeupe, na watu wote wanaliangalia lenyewe, hakuna anayeniangalia mimi, nikajiona mimi ndiye niliyekosea. Sikufikiri. Mdomo ukatangulia.

"Naam," nikasema, "nilimaanisha tulianza juu. Kushuka huku kuna sababu zake."

Na sababu zikaja, jamani, zikaja zenyewe zimejipanga foleni! Nikataja mvua na ubovu wa njia za Kasulo. Nikataja likizo za shule. Nikataja msimu wa kupanda maharage, kwamba mtu mwenye jembe mkononi hashiki kitabu. Watu wakaanza kutikisa vichwa wakikubali, mwalimu mmoja akasema, "Kweli kabisa," nami nikapata nguvu.

Bi Prisca akauliza, "Na hapa katikati, panapoporomoka ghafla, kulitokea nini?"

Ningesema sijui. Neno lenyewe fupi, halina gharama. Lakini nikakumbuka kwamba katikati pale ndipo Mama Vifaranga alipoingia, nikalirukia.

"Hapo Sixbert alimwingiza Mama Vifaranga. Wasomaji walikuwa wamemzoea Jogoo peke yake. Huyu mama, kusema kweli, ana kelele. Amewachosha watu."

Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka, nikafurahi kwamba mambo yanarudi kwenye mstari. Halafu nikamwona Sixbert. Hakuwa anaangalia viatu vyake, alikuwa ananiangalia mimi. Akainuka taratibu, akasema, "Samahani, nipisheni," akapita kati ya viti akatoka. Baba yake akavaa kofia, akatoka nyuma yake. Bi Prisca akafunika kalamu yake. Mtu akasema tunywe chai kwanza.

Mimi nikapita nyuma ya shuka. Niseme ukweli, nilikwenda kulia. Nikainua macho nipanguse machozi na mtandio, na mstari huu hapa mbele yangu: unapanda! Kushoto chini, kulia juu, kama nilivyouchora.

Nikapiga ukelele, "Unapanda!" Ukumbi mzima, vikombe mkononi, ukasikia sauti ya mwanamke nyuma ya shuka ikisema unapanda. Nikataka kutoka kwa haraka, nikakanyaga upindo, kamba ikakatika upande mmoja, shuka likaniangukia, nikatokea mbele ya wageni nimeviringishwa kama maiti ya kuzikwa, mstari mwekundu umenipita kutoka begani hadi miguuni. Mwalimu mmoja alimwagikiwa chai.

"Nilisimama nyuma," nikasema kutoka ndani ya shuka. "Nililifunga nikiwa nyuma! Hamkuona mbele yake, mliona mgongo wake!"

Bi Prisca alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka. "Sasa dada, nimwamini Zainabu wa kwanza au wa pili?"

Nikampa simu yangu. "Usiamini yeyote. Ujumbe wa wauzaji wote umo humo, wa kila mwezi, soma mwenyewe."

Akaipokea. "Nitasoma. Wewe mfuate yule kijana."

Nikatoka mbio kuelekea stendi, shuka begani. Nikawakuta wanasubiri gari la kwenda Ngara, wamekaa kwenye benchi. Nikaona maneno yangu hayana thamani tena siku hiyo, nikalitandaza shuka chini, upande wake wa haki, mbele ya abiria wote (mama mmoja akaniuliza nauza bei gani na kama yapo ya kitanda kikubwa).

"Sixbert, hayakushuka. Yalipanda. Nililifunga kinyume."

Akaufuata mstari kwa kidole. "Na hapa katikati?"

"Yaliruka. Alipoingia Mama Vifaranga ndipo yaliporuka. Watu wa Nyakahura wanamuulizia kwa jina."

"Na zile sababu zote?"

"Nilizitunga."

"Zilitoka haraka sana, dada," akasema. Hakusema kwa hasira. Ningeweza kuvumilia hasira.

Mzee Bonifasi akakohoa. "Yule kuku ni mama yake. Marehemu mke wangu. Alikuwa anauza ndizi pale Nyakahura, anagombeza soko zima, na soko zima lilimlilia. Maneno yale kijana hakuyatunga, aliyasikia jikoni."

Sikujua. Tangu tuanze kazi ile sikuwahi kumuuliza. Nilisimama pale kwenye shuka la mama yangu nikakosa pa kuweka mikono.

"Nisamehe, baba."

"Ego, nimesikia," akajibu kwa Kihangaza, yaani ndiyo. "Lakini yale uliyasema mbele ya ukumbi. Kayaseme huko huko."

Nikarudi nikayasema. Chai ilikuwa imekwisha lakini watu walikuwa bado wapo, na nikawaambia kwamba mvua haikuharibu kitu, na maharage hayana hatia, na Mama Vifaranga ndiye aliyetubeba. Yule mwalimu wa "kweli kabisa" akasema tena kweli kabisa. Bi Prisca alikuwa amesoma ujumbe wote, na akamchukua Jogoo, na Mzee Bonifasi hakumrudisha mtoto shamba. Kwa hiyo mtasema mambo yaliisha salama.

Toleo lililofuata lilipotoka, Mama Vifaranga hakuwemo. Wauzaji wakanipigia, yuko wapi mama yetu? Nikampigia Sixbert, nikamsomea takwimu upya, mwezi kwa mwezi, polepole.

"Najua mstari unasema nini, dada," akaniambia. "Ila nikianza kumchora mdomo, nasikia ukumbi unacheka."

Namba nilizirekebisha siku ile ile. Neno langu lilichukua muda mrefu zaidi. Alirudi baadaye, kuku wetu, amekaa pembeni ya picha hasemi kitu, na tulisubiri matoleo kadhaa kabla hajamgombeza mtu tena, na mara ya kwanza alipomgombeza mwenyekiti nililia dukani, mteja akadhani nimefiwa.

Siku hizi naandika kila mwezi chini ya mstari, hata kama rangi itatambaa, na kitu chochote kabla sijakieleza nakwenda kukaa kiti cha mwisho nikione kama watakavyokiona wengine. Juzi Bi Prisca aliniuliza mbele ya watu kwa nini Ngara mjini mauzo yamepungua kidogo. Sababu zikaanza kujipanga foleni, nazijua sasa zinavyokuja. Nikazifungia mlango. Nikasema, "Sijui. Nitawauliza wauzaji." Nikakaa chini, na hakuna aliyecheka.